Majirani wa Rozmari Huchaguliwa kwa Kiu

Tangu akina dada waanze kuosha nywele kwa maji ya rozmari, miche yake haikai kwenye kitalu changu. Zamani waliokuwa wakiiulizia hapa Nakuru walikuwa wachache: wapishi wa hoteli, mzee mmoja ambaye Jumamosi yake haiishi bila mbuzi wa kuchoma, na wenye nyumba za Milimani waliotaka ua lenye harufu kando ya njia ya gari. Siku hizi anakuja msusi, anakuja mwanafunzi anayekodi chumba Njoro, anakuja mama mwenye mtoto mchanga mgongoni akinionyesha jinsi nywele zilivyomtoka kwenye paji la uso. Mambo ya nywele siyatolei ahadi. Mimi najua mimea, na baada ya kuulizwa bei naulizwa swali lile lile: hii nipande na nini?

Wengi tayari wana jibu kwenye simu. Rozmari, inasema ile orodha, hupatana na maharagwe, kabeji, karoti, thaimu na seji. Isiwekwe karibu na mrehani, mnanaa, matango wala nyanya. Nimeonyeshwa orodha hiyo mara nyingi hata naweza kuimalizia kabla mteja hajateremsha kidole hadi chini. Si mbaya. Tatizo lake ni kwamba haisemi kwa nini, na iliandikwa na mtu ambaye mvua yake na wadudu wake si hawa wetu.

Kwanza maji. Rozmari asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe, mahali ambapo miezi ya joto hupita bila tone la mvua. Majani yake membamba yaliyojikunja kingo yaliumbwa kwa ajili ya kubana maji. Mizizi yake inataka hewa kuliko inavyotaka unyevu. Mmea wa namna hii ukiuweka kitanda kimoja na mmea unaotaka kunyweshwa asubuhi na jioni, mmoja wao lazima ateseke. Ukimwagilia, umeua rozmari. Ukiacha, umeua jirani yake.

Hapo ndipo watu wanapopotezwa na ukoo. Mnanaa na mrehani ni wa familia moja na rozmari, pamoja na thaimu, seji, oregano na lavenda. Seji ndiye wa karibu zaidi, kwani tangu mwaka 2017 wataalamu wa mimea wameihamishia rozmari kwenye jenasi ya Salvia, yaani kundi la seji, na jina lake la kisayansi sasa ni Salvia rosmarinus. Basi mteja anaona yote yana harufu, yote huuzwa kwenye meza moja, anayabeba yote na kuyapanda shimo kwa shimo. Wahenga walishasema undugu ni kufaana, si kufanana. Thaimu, seji, oregano na lavenda wanafaana na rozmari kwa sababu wanastahimili ukame kama yeye. Mnanaa anapenda matope, na mizizi yake hutambaa chini kwa chini hadi siku moja unakuta umezunguka shina la rozmari pande zote. Mrehani naye siku ya jua kali akikosa maji huanguka kama nguo iliyodondoka kambani.

Sasa, Nakuru inatudanganya. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi, wa mlima Menengai na wenzake, na maji hupita humo haraka sana. Unamwaga ndoo asubuhi, saa saba mchana mtoto anapita na vumbi linamfuata. Kwa hiyo utakuta ploti huku Section 58 au kule Bahati mtu amepanda rozmari katikati ya sukuma wiki na spinachi, anamwagilia vyote kwa mpira mmoja, na rozmari inanawiri tu. Anayeona hivyo anadhani amegundua jambo. Kilichomwokoa ni udongo. Mpe udongo mwingine, umwone.

Udongo huo mwingine ninaujua kwa sababu nimeolewa nao. Mama mkwe wangu anakaa upande wa Ahero, karibu na Kisumu, kwenye tambarare ya Kano, ambako wanalima mpunga. Ardhi ni nyeusi, nzito, ya mfinyanzi. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ikinyesha inashika maji kama kwamba ilikuwa inayadai. Alipokuja kututembelea alipenda rozmari yangu, akaondoka na miche. Akaipanda nyuma ya jikoni, katikati ya managu na spinachi, palepale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Kwa mboga zile ni mahali pazuri sana. Mwenyewe ningepanda managu hapo.

Akanipigia simu. "Nyathina," yaani mwanangu, "mti wako huu una kiu isiyoisha. Kila siku namwaga maji na bado unakauka."

"Mama, hauna kiu. Umezama."

Alicheka, hakuniamini, hadi nilipofika na kung'oa mche mmoja mbele yake. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ukiivuta ganda linabaki mkononi, na ilitoa harufu ya mtaro. Hii ni dalili ambayo nataka kila anayepanda rozmari aijue, maana inachanganya: mizizi ikioza kwa maji, majani huanza kukauka kutoka nchani, sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye huruma anaongeza maji. Kabla ya kuongeza, ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka hapo na ndoo yako.

Tulichukua tairi kuukuu la lori, tukaliweka mahali palipoinuka penye jua la kutwa, tukalijaza mchanga wa mtoni, changarawe, na udongo kidogo pamoja na samadi iliyooza sana. Rozmari ikakaa katikati. Pembeni, ndani ya tairi lile lile, tukaweka thaimu na mshubiri mmoja. Managu na spinachi tukawaachia nyuma ya jikoni pao. Kule Kano hilo tairi ndilo linalotenda kazi ambayo huku kwetu inatendwa na Menengai.

Lakini mama mkwe si mtu wa kuridhishwa na maji peke yake. Aliniuliza, "Na kazi yake ni gani? Inafukuza nini?" Swali zuri, na yeye ana haki ya kuliuliza kuliko wengi, kwa sababu shamba lake la mahindi tayari lina mimea inayofanyiana kazi. Kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, limewasumbua wakulima wa magharibi kwa miaka mingi. Watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kutoka Uingereza, katika miaka ya 1990 walitengeneza mbinu ya vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na matete, yaani yale majani ya nepia, hupandwa kuzunguka shamba. Desmodiamu humsukuma nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake inatoa kemikali zinazoivuruga kayongo isishike mahindi. Matete yanamvuta yule nondo akatage huko, na viluwiluwi wake wengi hawafiki popote.

Hapo mimi hupata kipimo changu. Vuta-sukuma inafanya kazi kwa sababu desmodiamu ni nyingi, mstari kwa mstari, shamba zima. Si mche mmoja uliochomekwa kwenye kona. Mafuta ya rozmari yakikamuliwa na kujaribiwa maabara hufukuza vidukari na wadudu wengine kadhaa, na hilo limeandikwa na wanasayansi wengi. Lakini mafuta kwenye chupa si kichaka kimoja kilichotulia kwenye kitanda cha mita kumi. Kichaka hutoa harufu hasa kikiguswa au jua likikipiga vizuri. Kwa hiyo anayeniambia anataka rozmari moja ilinde kabeji zake zote, nampa ukweli hata kama nitauza mche mmoja badala ya kumi: itakusaidia kidogo karibu nayo, usitegemee zaidi. Ipande kando ya njia, mahali sketi au suruali itakapoisugua kila mnapopita.

Na hao wadudu wenyewe ni akina nani? Nilipoanza kufuatilia kwa nini ile orodha inasifu rozmari na maharagwe, nikakuta kwamba anayekusudiwa kufukuzwa ni mbawakawa wa maharagwe wa Meksiko, mdudu wa bara la Amerika. Wa kwetu ni inzi wa maharagwe, anayetoboa shina likiwa changa hadi mche unageuka njano na kufa, na vidukari weusi wanaojaa kwenye vikonyo. Sijaona rozmari ikimnyima usingizi huyo inzi. Kwa karoti ni hivyo hivyo: anayelengwa ni inzi wa karoti, ambaye ni kilio cha wakulima wa Ulaya. Karoti kando ya rozmari sina ubaya nazo, zinapenda udongo mlaini usiotuama maji, ila mvunie mbali na shina ili usikate mizizi.

Maharagwe yana jambo jingine. Hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na watu hudhani mmea wowote utashukuru kwa hilo. Rozmari haishukuru. Ukiilisha sana hurefuka, inalegea, majani yanakuwa laini na harufu inapungua. Vivyo hivyo kwa wanaoirushia mbolea ya kukuzia inayobaki kutoka kwenye mahindi. Mwache maharagwe amnufaishe jirani mwingine. Sukuma wiki, kwa mfano, atafurahi.

Sukuma wiki na rozmari ndio ndoa ninayoulizwa zaidi, kwa kuwa hakuna boma lisilo na sukuma. Inawezekana, tena bila shida, ukijali mteremko. Bustani nyingi za Nakuru zimelalia upande mmoja. Weka rozmari juu, kwenye tuta lililoinuliwa futi moja hivi, na sukuma chini yake. Maji unayomwaga yanaelekea kwenye sukuma, rozmari inabaki na miguu mikavu, na zote mbili zinabaki karibu kiasi cha harufu na nyuki kuvuka. Acha sentimita 60 hadi 90 toka shina la rozmari, usihadaike na udogo wake siku unapoinunua kwenye karatasi nyeusi. Baada ya misimu michache ni kichaka cha kufika kiunoni, na sukuma iliyobanwa chini yake haitaona jua.

Kwa wanaoishi juu zaidi, Molo, Kuresoi, Mau Narok, na hata Bahati, nina jirani ambaye ile orodha haimjui kabisa: pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, na kiwanda kilikuwa hapa mjini. Nikitazama ua lile jeupe lenye kitovu cha njano huwa nawaza kwamba yeye na rozmari walitoka pande moja, maana pareto asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia, akaletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wametoka mbali kuja kukutana Molo. Anapenda jua, baridi ya usiku, na udongo unaopitisha maji. Ukimwagilia kupita kiasi anaoza kama rozmari inavyooza. Mzee mmoja mteja wangu amepanda mistari miwili ya pareto mbele ya ua lake la rozmari, na sijaona pambo zuri kuliko lile maua yanapochanua.

Ila tusidanganyane kuhusu pareto pia. Sumu inayoua wadudu imo kwenye kichwa cha ua, na hutumika likikaushwa na kusagwa. Ukinyunyiza dawa hiyo, inyunyize jioni nyuki wakiwa wamelala, maana haichagui, na maua ya rozmari yana nyuki kutwa nzima. Na Kisumu usijisumbue. Pareto anahitaji baridi ili afanye maua. Joto la ziwani litamfanya atoe majani tu.

Kwa Kisumu na Kano nina mwingine, na huyu mama mkwe alinitangulia. Pembeni mwa lile tairi, chini ardhini, alitupa mbegu za mgagani, ile mboga wao wanaiita dek. Alitaka mboga tu. Lakini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulioonyesha kwamba mgagani ukipandwa kati ya waridi za kuuza nje hupunguza utitiri mwekundu, vile vidudu vidogo sana vinavyofuma utando chini ya jani. Utitiri huohuo huipata rozmari palipo na joto na ukavu, hasa iliyowekwa karibu na ukuta wa mabati: majani yanapata vidoa vya kijivu kana kwamba yamepigwa vumbi la unga. Siwezi kusema mgagani wa mama umeilinda rozmari yake, maana haijawahi kuugua kiasi cha kupima. Nasema ni jirani anayekaa vizuri, anaishi muda mfupi, na anapikwa na maziwa.

Marigodi nauza sana na napenda rangi yake, lakini umaarufu wake wa kufukuza kila kitu umepita mipaka. Kazi yake iliyo wazi iko chini ya udongo, dhidi ya minyoo midogo inayofanya vinundu kwenye mizizi ya nyanya, na kwa hilo inatakiwa ipandwe nyingi na ikae msimu. Hapo juu inavutia wadudu wazuri. Kwa rozmari haina hasara. Kitunguu maji na kitunguu saumu pia huishi nayo salama, kwani vinapokaribia kukomaa hata vyenyewe havitaki maji.

Malenge usimweke. Si kwa uadui. Anatambaa tu na majani yake mapana, na rozmari iliyofunikwa siku za mvua hupata ukungu mweupe. Nyuki wa rozmari watamfikia hata akiwa mita chache mbali. Viazi navyo weka kitanda kingine kwa sababu ya jembe: kila ukivuna unachimbua mizizi ya mwenzio.

Wateja wa Kakamega wana shida yao peke yao. Kule mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, Nakuru tunapata takriban nusu ya hiyo, na tuta peke yake halitoshi. Mmoja wao alipata njia ambayo sasa naigawa kwa wengine: amepanda rozmari na lavenda na seji kwa mstari mmoja karibu na ukuta wa nyumba, ndani ya kivuli cha mvua cha paa, mahali matone ya mabati hayafiki, upande unaopata jua la mchana. Ukuta unahifadhi joto. Mbele ya mstari huo, pale maji ya paa yanapodondokea, amepanda mnanaa wake wa chai na mrehani. Kila mmoja amepata anachotaka katika hatua mbili za mguu.

Wapangaji wa ghorofani ndio wananichosha, kwa sababu nafasi yao ni ndogo na tamaa ni kubwa, na siwalaumu. Dada mmoja wa salunini alikuja na beseni moja la plastiki akitaka rozmari ya nywele na mnanaa wa chai vikae humo pamoja kwenye baraza lake. Nikamwambia haiwezekani. Akasema jirani yake amefanya. Nikamwuliza jirani amefanya tangu lini, akasema tangu wiki jana.

Nikampa mabeseni mawili yangu ya zamani, moja nikalitoboa mashimo mengi chini kwa msumari wa moto na kuchanganya mchanga nusu kwa nusu. Rozmari na thaimu humo, weka juani. Mnanaa kwenye lile jingine, karibu na bomba. Na unapokata za nywele, usichune hadi kwenye mti mkavu usio na majani, hapo haichipui tena. Kata vilele tu, theluthi moja ikizidi sana. Akalipa miche, akaliacha lile beseni lake, akasema atalifuata mwisho wa mwezi akija kuchukua seji.